Muhuri, Kalafati na Mpira wa Mlango: Historia Fupi ya Maneno ya Kuziba

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno machache yatumikayo katika kazi ya kuziba mianya, hususan mianya ya milango ya magari ya zamani. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kupewa kurasa za jarida la istilahi. Hata hivyo, wafasiri wa vitabu vya maelekezo ya magari wanafahamu kuwa lipo neno moja la Kiingereza lenye maana tatu tofauti: chapa ya idhini, mnyama wa baharini, na kitu kizuiacho hewa, maji au vumbi visipenye. Mfasiri anayeichukua kamusi na kuchagua maana ya kwanza aionayo huandika muhuri. Hapo ndipo hasara huanza.

Dereva mmoja mstaafu wa Tingi alinisimulia kisa cha namna hiyo. Tingi ni kata katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Siku za kisa hicho yeye aliendesha Land Rover ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Kiangazi kilipokaribia, uliletwa waraka uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ukiagiza kwamba kabla ya safari za vumbi milango yote ya gari itiwe muhuri. Mtunza ghala, mtu mtiifu, aliifunga milango yote, akabandika karatasi juu ya kila kitasa na kuigonga muhuri wa ofisi. Gari lilikaa siku nane, wala hakuna aliyethubutu kulifungua, kwa kuwa kubandua muhuri wa serikali ni kosa. Siku hizo nane wagonjwa wa vijiji vya mbali walibebwa kwa machela. Mtunza ghala hakukosea. Alisoma Kiswahili kilichoandikwa, akakitekeleza kama kilivyo. Mwenye kosa alikuwa mfasiri.

Je, mfasiri yule alikosa neno kwa sababu Kiswahili hakina neno? La hasha. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kazi hii kabla gari la kwanza halijafika katika nchi zetu.

Kalafati

Neno la kwanza ni kalafati. Asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake wapo katika Kireno, Kitaliano na Kituruki, maana mabaharia hukopeshana maneno kama wakopeshanavyo kamba na nanga. Kwa mafundi wa majahazi wa pwani yetu, kalafati ni pamba iliyolowekwa mafuta ambayo hupigiliwa kwa nyundo na patasi baina ya ubao na ubao, ili chombo kisivuje. Chombo kilichokwisha kukalafatiwa hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kuzilinda mbao. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililiandika neno hilo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 ikalihifadhi.

Tusidhani kwamba neno hili ni la pwani tu, na kwamba watu wa bara halikuwahusu. Katika karne ya 19 njia ya misafara ya Kilwa ilifika Ziwa Nyasa, na wafanyabiashara wa pwani wakawa na majahazi katika ziwa lenyewe. Akina Jumbe wa Nkhotakota, upande wa magharibi, walivusha watu na pembe kwa vyombo hivyo, na David Livingstone alipofika ziwani mwaka 1861 aliyakuta majahazi yakifanya kazi. Jahazi lisilotiwa kalafati halivuki ziwa lenye mawimbi kama Nyasa. Kwa hiyo ufundi wa kuziba mianya kwa pamba na mafuta ulifika kwenye maji hayo zamani, kabla ya meli za chuma kuletwa vipande vipande na kuunganishwa kwa ribiti. Meli ya kwanza kati ya hizo, Ilala, ilianza kazi mwaka 1875.

Mpira

Neno la pili ni mpira. Katika Kiswahili mpira ni mmea, ni utomvu wa mmea huo uliogandishwa, na ni kila kitu kifanywacho kwa utomvu huo: mpira wa kuchezea, mpira wa kupitishia maji, na mpira wa gurudumu. Watu wa kusini waliufahamu utomvu huo tangu mapema. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mpira wa mwituni, uliogemwa katika mitambaazi ya aina ya Landolphia, ulikuwa bidhaa kubwa katika bandari za Kilwa na Lindi. Mmoja wa mitambaazi hiyo hata uliitwa na wataalamu Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja.

Utomvu mtupu hauwezi kuziba mlango wa gari. Penye joto hulainika na kunata, na penye baridi hukakamaa. Charles Goodyear wa Marekani ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti huwa imara na hurudi katika umbo lake kila ubanwapo. Sifa hiyo ya kubanwa na kurudi ndiyo itakiwayo mlangoni. Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, hivyo hayakuwa na haja nayo. Katika miaka ya 1920 magari yaliyofunikwa pande zote yalipoenea, mafundi waliziba mianya kwa vitambaa vizito vya sufu na kamba zilizovikwa nguo, na baadaye wakatumia mpira. Tangu miaka ya 1930 viwanda vimetengeneza pia aina za mpira zisizotoka katika mmea wowote. Lakini fundi wetu aliendelea kusema mpira, na alifanya vyema, kwa sababu jina hilo lilikuwa limekwisha kupita mmea na kushika kazi.

Kazi yenyewe

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, nayo ikawa gari la maofisa, mapadri na waganga katika sehemu nyingi za nchi. Milango yake ni ya bamba jepesi, sehemu ya juu hufungwa kwa nati, na vioo huteleza ndani ya mfereji wenye kitambaa. Ina mianya mingi. Milima ya Umatengo hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Dereva wa njia hizo, kabla ya lami kufika, alianza safari katika ukungu na baridi inayopenya goti, akaimaliza katika joto na vumbi jekundu.

Mtu hudhani kwamba vumbi huingia kwa mbele. Sivyo. Gari linapokwenda huacha nyuma yake hewa hafifu, na vumbi lililotimuliwa na magurudumu huzunguka na kuvutwa ndani kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo fundi hodari huanza nyuma. Kwanza huzikaza bawaba na kusawazisha mlango, kwa sababu hakuna mpira utakaotibu mlango uliopinda. Kisha hubandua mpira wa zamani na kuikwangua gundi yote. Mpira mpya huuweka bila kuuvuta. Ukivutwa, baada ya wiki chache utajirudi na kuacha pengo kwenye maungio, na maungio hayo huwekwa chini ya mlango, si juu, maji yasije yakayatafuta. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango hayazibwi kamwe. Mwisho hufunga mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta. Kikitoka kwa urahisi, mpira haubani. Kikishikwa pande zote sawasawa, kazi imekwisha. Hupaka poda, wala si mafuta ya mashine, kwa sababu mafuta hayo huula mpira wa asili.

Pendekezo

Tukiitazama kazi hiyo, twaona kwamba maneno yetu hujipanga yenyewe tukiuliza swali moja: mwanya huu hufunguliwa mara ngapi? Mwanya usiofunguliwa kamwe, kama ule wa ubao na ubao, au wa bamba na bamba katika bodi la gari, hutiwa kalafati. Mwanya unaofunguliwa siku ya matengenezo tu, kama ule wa injini na kifuniko chake, huwekewa gasketi. Mwanya unaofunguliwa kila siku huvikwa mpira: mpira wa mlango, mpira wa dirisha, mpira wa buti. Kizibo ni cha tundu, kama la chupa au tangi. Muhuri na lakiri vibaki mahali pake, katika barua na mizigo ya forodha.

Lipo pia neno sili, ambalo katika karakana nyingi hutumika kwa kile kipete kizuiacho mafuta yasivuje kwenye mhimili unaozunguka. Mafundi wanalielewa, na si kazi yetu kuwanyang'anya. Lakini katika maandishi ya kawaida sili ni mnyama wa baharini, na mtoto wa shule akiambiwa kwamba mlango wa gari una sili atakuwa na haki ya kucheka.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi, na nyingine zitahitajika. Pendekezo la makala haya ni kwamba mfasiri, kabla ya kuunda neno au kuchukua la kwanza katika kamusi, aende kwanza pwani na karakanani, akauangalie mkono wa fundi unafanya nini. Yule dereva wa Tingi alinionyesha Land Rover ambayo bado anaitunza, ingawa magari mapya sasa hushuka hadi Mbamba Bay juu ya lami. Nilimwuliza kile kilichozunguka mlango kinaitwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake, akajibu, "Mpira wa mlango, mzee. Una jina jingine?"