Chembe cha Mshale na Ushahidi Wake

Wewe uchungaye ngamia na mbuzi katika nchi ya Hadado, magharibi ya Wajir, umezoea kutazama chini ukitafuta nyayo za mnyama aliyepotea. Mazoea hayo ni elimu. Alama ndogo mchangani hukuambia mnyama alipita lini na alielekea wapi. Ikifutwa, habari yake hupotea. Ndivyo ilivyo pia kwa vyembe vya mishale ya mawe, walivyotumia watu wa kale kabla chuma hakijajulikana.

Usidhani kwamba kila chembe kina pembe tatu kama kile cha pichani. Katika Afrika Mashariki, mafundi wa kale walichonga mara nyingi vijiwe vyembamba, vifupi kuliko kidole, vingine mfano wa mwezi mwandamo. Walitumia gumegume na mawe ya jamii yake, au obsidiani, yaani jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, litokanalo na lava ya volkano iliyopoa upesi. Mawe hayo yakigongwa kwa ustadi hutoa vipande vyenye makali kama wembe. Kipande kilipachikwa kwenye ncha ya uti na kushikizwa kwa ulimbo. Uti na ulimbo vilioza zamani, jiwe likabaki.

Zamani huko Uingereza, wakulima waliookota vyembe vya gumegume mashambani walidhani kuwa ni mishale ya pepo, iliyorushwa ili kudhuru ng'ombe. Hawakuwa wajinga kuliko sisi; walikuwa na jiwe mkononi, lakini hawakuwa na njia ya kuliuliza. Wataalamu wa leo huliuliza kwa kuchunguza lilikolala: katika tabaka gani la udongo, kando ya mifupa gani, na mbali kadiri gani na mwamba lilikotoka.

Tazama mfano wa Nataruk, mahali palipo kiasi cha kilomita 30 magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 2012 wachunguzi walikuta hapo mifupa ya watu 27, nao wakatangaza habari zao mwaka 2016. Watu hao walikufa yapata miaka 10,000 iliyopita, kando ya maji ambayo sasa yamekauka. Katika fuvu la mwanamume mmoja kilikuwa kingali kimekwama kijiwe chembamba cha obsidiani. Jiwe hilo ni adimu katika maskani ya kale ya sehemu hiyo. Kwa hiyo wachunguzi wakaona kwamba yamkini washambulizi walitoka mbali. Wako wataalamu waliobishana nao juu ya sehemu ya maelezo yao, kama ilivyo desturi ya elimu. Hata hivyo, hebu fikiri: kama mpita njia angalikitoa kijiwe kile na kukitia mfukoni, kingalikuwa kitu gani? Kipande cha kioo cheusi tu, wala asingalijua mtu kwamba kilikuwa silaha.

Basi, ukikiona kijiwe cha namna hiyo malishoni au kando ya laga baada ya mvua, usikiokote upesi. Kitazame kilivyolala, shika vema alama za mahali pale, kisha mwarifu mwalimu wako, ili habari ifike kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inamtaka mvumbuzi wa kitu cha kale atoe taarifa na kuonyesha mahali hasa alipokivumbua.

Nchi yetu ya kaskazini haikuandikiwa vitabu vingi na watu wa kale. Sehemu kubwa ya historia yake imo ardhini, katika vitu vidogo ambavyo mtu huweza kuvikanyaga asivijue. Atakayevitunza ni yule apitaye juu yake kila siku, naye ni wewe.