Mlangilangi uani: kata kilele, usikate mti

Kila nikisikia mtaani kwamba mlangilangi umekatwa, mara nyingi sababu huwa ile ile: tawi limeangukia mabati ya jirani. Kwa maoni yangu, mti hauna kosa. Mlangilangi ukiachwa hupita mita 10, na matawi yake ni mepesi kuvunjika kusi inapovuma. Maua nayo hubaki juu. Harufu unaipata, lakini langilangi la kutia kwenye kikuba hulifikii.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini Mashariki. Jirani zetu wa Komoro wanaulima kwa ajili ya mafuta ya manukato, na wao hawauachi urefuke. Huukata kilele ungali mchanga na kuyainamisha matawi, ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama chini. Sisi tulio na nyua ndogo ndio hasa wa kuwaiga.

Panda masika yanapoanza, mahali penye jua na mbali kidogo na ukuta. Mbegu huota polepole, kwa hiyo mche ni rahisi zaidi. Chukua ulio mdogo, kwani mzizi wake mkuu huenda chini sana na haupendi kusumbuliwa. Chimba shimo la futi 2 na uchanganye udongo na samadi iliyooza, hasa kwenye ardhi yetu ya mawe ya matumbawe. Epuka mahali panapotuama maji au panapoingia maji ya chumvi. Mwaka wa kwanza, usiuache ukose maji wakati wa kiangazi.

Ukifika mita 2 na zaidi kidogo, kata kilele. Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya kusi kushika, ondoa machipukizi yanayopanda wima.

Maua huanza baada ya miaka miwili au mitatu. Yachume alfajiri yakishageuka manjano. Yakiwa kijani harufu haijakolea.

Asiye na nafasi atafute aina fupi, ambayo ni kichaka cha mita 1 hadi 3 na hukubali kukaa kwenye chungu kikubwa.

Kupogoa ni kazi ya asubuhi moja kwa mwaka. Ukiukata shinani, itabidi usubiri miaka upate tena harufu hiyo uani.