Vina vya Wagosi: Rapu ya Kiswahili Mbele ya Baraza la Ushairi

Wapo wapenzi wa ushairi ambao hawapendi wimbo wa kufokafoka utajwe pamoja na utenzi na shairi. Hoja yao ni kwamba wimbo huo ni mgeni, umetoka Marekani. Mimi niliyefundisha Kiswahili Handeni na Korogwe hadi kustaafu, naomba tuitazame historia yake kabla ya kuutoa barazani.

Ni kweli ulianza kwa kuiga. Vijana wa mwanzo wa Dar es Salaam walifoka kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa Vanilla Ice akautilia maneno ya Kiswahili, na wasikilizaji wakaona kwamba lugha yao inaiweza kazi hiyo. Wakafuata Kwanza Unit, Mr. II na Hard Blasters, nazo redio binafsi zilizozuka katika miaka hiyo ya 1990 zikaeneza sauti zao.

Sasa tuangalie kanuni. Katika mjadala wa miaka ya 1970, wanamapokeo walishikilia vina na mizani. Wanamabadiliko, akiwamo Euphrase Kezilahabi na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974, waliviacha vyote viwili. Wafokaji walipita njia ya tatu: mizani waliikabidhi kwa ngoma, vina wakabaki navyo. Darasani niliwaona wanafunzi ambao beti nne za kitabuni ziliwashinda kuzihifadhi, ilhali nyimbo hizo walizighani mwanzo hadi mwisho.

Hata majibizano hayakupotea. Mathias Mnyampala alitupa ngonjera, ambamo wabishani huishia kukubaliana. Katika “Ndiyo Mzee” ya mwaka 2001, Professor Jay anamweka jukwaani mgombea mwenye ahadi zisizowezekana, na umati unaitikia kwa kukubali. Umbo ni la ngonjera, ila hapa kukubali kwenyewe ndiko kunakokejeliwa.

Kwetu Tanga walitokea Wagosi wa Kaya. Mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Jina lenyewe halikuazimwa ng’ambo. Walifoka kwa lafudhi ya huku, ile ambayo watoto wetu walichekwa nayo walipokwenda mijini, na katika “Tanga Kunani” wakauliza mkoa umesibiwa na nini. Swali hilo lilieleweka Korogwe bila kufasiriwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata 30,000, na kambi za mashambani zilikuwa zimepoa.

Bahati yao ilikuwa ya namna mbili. Heshima waliipata: Mr. II alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay wa Mikumi mwaka 2015. Fedha zilikuwa haba, kwa kuwa kanda zilinakiliwa ovyo hata baada ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Kanda hizo sasa zinakatika na kuota ukungu. Zikipotea, tutapoteza ushahidi wa jinsi kizazi kizima kilivyotunza vina bila kuamriwa na mwalimu. Nawasihi walimu wenzangu mlio kazini: wapeni wanafunzi wimbo mmoja wauandike kwa beti, wavihesabu vina vyake, kisha wauweke kando ya shairi la Shaaban Robert, Mtanga mwenzetu. Baada ya hapo ndipo baraza litoe hukumu.