Nani Mwenye Kipaza Sauti? Mieleka ya Kulipia, Uhasama wa Ulingoni na Sauti ya Waafrika, 1974–2023

1. Utangulizi

Mieleka ya kulipwa ni mchezo ambao mshindi hupangwa kabla kengele haijalia. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayeuliza nani alimwangusha nani hupata jibu jepesi. Maswali mazito ni mengine: nani aliutunga uhasama, nani alipewa kipaza sauti, na nani aliagizwa anyamaze? Makala haya yanayafuatilia maswali hayo tangu pambano la Kinshasa la mwaka 1974 hadi miaka ya karibuni, kwa kuangalia namna Uganda na Kongo zilivyoingia katika maonyesho ya mieleka ambayo mtazamaji huyalipia nyumbani kwake. Hoja kuu ni kwamba Uganda iliingia kama jina lisilo na kauli, ilhali Kongo iliingia kama kauli iliyosafiri peke yake. Tofauti hiyo inawahusu pia watunga sera wa Malawi, kwa kuwa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yana maelfu ya Wakongo wanaoelewana kwa Kiswahili.

Mchezo wenyewe si mgeni katika eneo hili. Katika Kiswahili, kitu kikianguka vibaya husemwa kimepiga mweleka. Katika Kiganda, mchezo huitwa ekigwo, neno lenye mzizi wa kitenzi cha kuanguka. Lugha zote mbili zimelifunga jina la mchezo na anguko. Mieleka ya televisheni iliongeza jambo la pili juu ya anguko, nalo ni usemi: majigambo, matusi, viapo na visa vinavyomfanya mtazamaji atake kulipa ili aone mwisho wake.

2. Kutoka Kinshasa hadi New York

Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimshinda George Foreman jijini Kinshasa. Lilikuwa pambano la ndondi, lakini linaihusu historia ya mieleka kwa sababu mbili. Kwanza, lilianza mnamo saa kumi alfajiri ili watazamaji wa Marekani, waliolipa kuliona katika kumbi za sinema na viwanja, walipate jioni kwa saa zao. Saa ya Kinshasa ilipangwa na mlipaji wa mbali. Pili, umati wa Kinshasa ulipaza kwa Kilingala maneno ambayo dunia nzima iliyasikia: Ali, boma ye, yaani Ali, muue.

Zaidi ya miaka 10 baadaye, tarehe 31 Machi 1985, kampuni ya WWF ya Vince McMahon ilifanya WrestleMania ya kwanza katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hulk Hogan na Mr. T walipambana na Roddy Piper na Paul Orndorff, na Muhammad Ali akawa miongoni mwa waamuzi. Onyesho hilo lilirushwa zaidi kwa njia ileile ya mwaka 1974, yaani kumbi zilizouza tiketi. Novemba 1985 kampuni hiyo ilifanya onyesho lake la kwanza la kulipiwa nyumbani kupitia televisheni ya kebo. Tangu hapo pato halikutegemea tena idadi ya viti ukumbini pekee. Lilitegemea pia idadi ya kaya zilizoshawishika kwamba uhasama fulani haukosekani kutazamwa.

3. Uhasama kama bidhaa

Uhasama wa ulingoni hujengwa kwa majuma mengi katika vipindi vya bure. Mmoja husaliti, mwingine huumizwa, mkanda huibwa, rafiki hugeuka. Kila juma mgogoro hukaribia kumalizika bila kumalizika, kisha suluhu huuzwa katika onyesho la kulipia. Kwa hiyo maneno ndiyo yaliyouza miili. Mwanamieleka mwenye nguvu lakini asiye na ulimi alihitaji meneja wa kumsemea, na aliyejua kusema aliweza kudumu miaka mingi hata alipochoka viungo.

Uhasama mwingine ulikuwa wa kweli, nao ulikuwa wa wenye kampuni. Tarehe 26 Novemba 1987 kampuni ya Jim Crockett ilipanga onyesho lake la Starrcade. WWF ikaweka Survivor Series siku hiyohiyo, na ikazionya kampuni za kebo kwamba atakayeonyesha la mpinzani atanyimwa WrestleMania iliyofuata. Nyingi zilitii. Kuanzia mwaka 1995 WWF na WCW zilishindana kila Jumatatu usiku hadi Machi 2001, WWF ilipoinunua WCW.

Katikati ya vita hivyo, tarehe 9 Novemba 1997 jijini Montreal, bingwa Bret Hart, aliyekuwa anahamia WCW, alipokonywa ubingwa wake mbele ya Shawn Michaels. McMahon aliamuru kengele ilie ilhali Hart hakuwa amesalimu amri wala kuafiki matokeo hayo. Miaka minane kabla yake, mnamo 1989, kampuni hiyo ilikuwa imekiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili iepuke usimamizi wa mamlaka za michezo. Matukio hayo mawili yanafafanuana. Pale ambapo matokeo hutungwa, mamlaka huwa ya yule anayeimiliki kengele na kipaza sauti.

4. Jitu la Uganda lisilo na kauli

Mwaka 1982, miaka mitatu baada ya Idi Amin kung'olewa madarakani, Jerry Lawler na Jerry Jarrett walibuni jijini Memphis mhusika aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda. Aliyeigiza uhusika huo alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950. Alipakwa rangi usoni na tumboni, akavishwa kitambaa kiunoni na kinyago, akashikishwa mkuki. Ilidaiwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Amin.

Jambo la kuzingatiwa zaidi na mwanaisimu ni kwamba Kamala hakusema. Alinguruma, akajipiga tumbo, akaelekezwa kwa ishara na mshika zamu wake. Hakupewa Kiganda, Kiswahili wala Kiingereza. Nchi yenye makumi ya lugha iliwakilishwa na mtu asiye na hata moja. Ukimya huo haukutokana na upungufu wa mwigizaji, kwani Harris alikuwa msemaji mzuri. Uliandikwa ndani ya uhusika. Uhasama wake na Hogan, na baadaye na The Undertaker, uliuzwa kwa hofu ya kitu kisichoweza kuzungumza nawe. Mwaka 1992 alipambana na The Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati mkubwa. Novemba mwaka huo, katika Survivor Series, alishindwa na mpinzani huyohuyo na kufungiwa ndani ya jeneza. Harris alifariki Agosti 2020. Kitabu cha maisha yake kina jina linaloweza kufasiriwa kuwa “Kamala Anasema”. Ilimbidi atoke ulingoni ndipo apate kauli.

5. Neno lililosafiri

Mkabala wa hayo ni historia ya maneno ya umati wa Kinshasa. Juni 1976 Ali alipambana jijini Tokyo na mwanamieleka Antonio Inoki. Baada ya pambano hilo, wito wa Kilingala ulihamia kwa Inoki na kuwa wimbo wake wa kuingilia ulingoni, matamshi yakiwa yamebadilika kufuata mfumo wa sauti wa Kijapani. Kizazi kilichofuata, Shinsuke Nakamura aliliita Bomaye pigo lake la goti. Alipojiunga na WWE mwaka 2016, pigo hilo likabatizwa Kinshasa. Mwaka 2018 watangazaji walilitaja jina hilo katika uhasama wake na AJ Styles, uliofikishwa WrestleMania ya 34.

Msafara huo haukuamriwa na ofisi yoyote. Umati ulisema kwa lugha yake, na lugha ikapenya. Haikupenya kwa bahati tupu, kwani Kongo ilikuwa na mieleka yake, inayoitwa catch kwa neno lililopitia Kifaransa. Wanamieleka kama Kele Kele Lituka na Edingwe walipata umaarufu nyumbani. Huko mpiganaji huzungushwa mitaani kwa ngoma, hujitangaza mwenyewe, na hutishia wapinzani kwa dawa na kwa maneno. Dawa hiyo imewavutia wapiga picha wa kigeni kuliko maneno, lakini kwa watazamaji wa Kinshasa viwili hivyo hutembea pamoja.

Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, anathibitisha hoja kwa upande mwingine. Alipoanza mwaka 2008 alitambulishwa kuwa Mjamaika na akaigiza lafudhi ya Jamaika. Lafudhi hiyo iliachwa baadaye, na Aprili 2019 alitwaa ubingwa wa WWE akijulikana kuwa mwana wa Ghana. Nchini Uganda kwenyewe, kundi la Soft Ground Wrestling la Mukono, lililoanzishwa na Daniel Bumba, limejenga ulingo wa matope na mianzi. Vijana wake hujipa majina na visa vyao, na huvisambaza bila kumngoja mnunuzi wa Memphis.

6. Kutoka ulingoni hadi Dzaleka

Uhusika wa kubuniwa haupo ulingoni pekee. Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Jina lake husikika ndani ya kauli ya Kichewa ndidzaleka, yaani nitaacha, kauli inayomfaa mfungwa anayetubu. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo. Wakazi wameweka majina yao juu ya jina walilolikuta: tamasha la mwaka 2014 likaitwa Tumaini, redio ya jamii ikaitwa Yetu. Yote mawili ni maneno ya Kiswahili.

Mwaka 2023 unaonyesha mgongano wa nafasi mbili walizopewa watu walewale. Machi mwaka huo serikali iliwataka wakimbizi wanaoishi mijini warejee Dzaleka kufikia katikati ya Aprili, na Mei polisi wakaanza kuwakamata. Julai, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Lazarus Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za Malawi. Lugha ilikaribishwa darasani miezi michache baada ya wasemaji wake kuondolewa mjini. Mwanafunzi wa mtaa wa Chilinde, Lilongwe, atakayeanza somo hilo ana maelfu ya wasemaji umbali wa kilomita 50 hivi, lakini huenda akafundishwa kana kwamba hawapo.

7. Hitimisho

Historia hii inaelekeza hatua tatu. Walimu na wakalimani watafutwe pia Dzaleka, na ujuzi wao upimwe na kutambuliwa rasmi. Kiswahili cha Kongo kifafanuliwe darasani kama lahaja yenye kanuni zake, kisichekwe kama kosa. Vipindi vya Kiswahili vya redio ya jamii vihifadhiwe kama data ya utafiti na zana ya kufundishia, kwa idhini ya wazungumzaji wenyewe. Bila hatua hizo Malawi itakuwa na somo la Kiswahili ambalo Waswahili wake hutajwa bila kusikika, kama Uganda ilivyotajwa kwa miaka mingi katika maonyesho ya kulipia. Umati wa Kinshasa haukuwa na ulingo wala kengele, lakini neno lake bado linatamkwa Tokyo na New York kwa sababu ulilisema wenyewe.