Paa la Asbesto: Hatari Iliyo Juu ya Vichwa Vyetu

Leo tutazame juu, kwenye paa. Katika nyumba za zamani za wafanyakazi na shule nyingi kuukuu, utaona mabati mazito ya kijivu, ambayo si ya chuma. Mara nyingi hayo ni ya asbesto iliyochanganywa na saruji.

Asbesto ni madini yenye nyuzi. Haishiki moto wala haipati kutu, ndiyo sababu wajenzi waliipenda. Lakini ikivunjika, nyuzi zake huruka kama vumbi ambalo jicho halilioni. Ukizivuta, hukwama mapafuni.

Mwaka 1924, mjini Rochdale, Uingereza, alifariki Nellie Kershaw akiwa na umri wa miaka 33. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari aliyempasua alikuta mapafu yana makovu na chembe za madini hayo. Wengi walidhani huo ni ugonjwa wa watu wa viwandani tu.

Sivyo, mama. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa 33 wenye saratani ya utando wa mapafu. Wengi walitoka eneo la machimbo ya asbesto, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi karibu tu, wengine tangu utotoni. Saratani hii huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, au zaidi. Mtoto anayevuta vumbi hilo leo huenda akaugua akiwa mzazi.

Hapa Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliitaja asbesto kuwa taka hatari. Hata hivyo mapaa ya zamani bado yapo. Mimi mwenyewe nimekuta watoto wakichora sakafuni kwa kipande chake, kama chaki.

Bati zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Kwa hivyo usilisugue, usilikate, wala usilitoboe. Vipande usivijengee banda la kuku. Likivunjika, waondoe watoto, usifagie vumbi kavu, na umwarifu afisa wa afya ya umma au NEMA. Kuliondoa ni kazi ya wataalamu wenye kibali.

Asbestosisi haina dawa ya kuiponya. Kinga ndiyo tiba yetu.