Rugaruga wa Urambo na Majeraha ya Utoto

Katika karne ya 19 njia ya misafara, itokayo Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji, ilikuwa njia ya pembe, nguo na bunduki. Tena ilikuwa njia ya watoto waliopotelewa na wazazi. Vita vya watemi, mashambulio ya Wangoni na biashara ya watumwa viliacha vijana wasio na ukoo wa kuwalilia. Hao, pamoja na watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha mizigo, ndio waliojaza safu za rugaruga.

Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, hakumwuliza kijana aliona nini utotoni. Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, aliandika kuwa Mirambo alipendelea vijana: macho yao makali, viungo vyao vyepesi, wala hawana mke na watoto wa kuwavuta nyuma. Basi upweke, ambao ni jeraha, kwake ulikuwa sifa. Bangi iliongeza ujasiri. Walakini jeshi hilo lilishikwa na mkono wa mtu mmoja. Alipofariki Desemba 1884, dola yake haikukawia kusambaratika.

Majeshi ya leo yameelekea upande wa pili. Mwaka 2022 Marekani ilianza kutumia mtambo wa kumbukumbu za tiba katika vituo vya kuandikishia askari, na mashauri ya utotoni ambayo zamani yangeweza kufichwa yakafunuka. Mwombaji aliyetibiwa huzuni akiwa mtoto huenda akahitaji kibali maalumu.

Hapana shaka jeshi lina haki ya kuuliza, kwani anayepewa bunduki amekabidhiwa roho za wenziwe. Lakini aulizwe hali yake ya sasa: je, hulala, huzuia hasira, hutii amri? Yatima aliyepata mshauri akapona, na yatima aliyenyamaza, ni yupi wa kuogopwa? Karatasi safi ya huyu wa pili haishuhudii afya, yashuhudia kimya tu. Tena mzazi akijua kuwa ushauri utamfungia mwanawe mlango, hatampeleka kwa mshauri. Na wahenga walikwisha kusema, mficha maradhi kilio humwumbua.

Mirambo alilitumia jeraha bila kulitibu. Kumkataa aliyetibiwa kwa sababu alitibiwa ni kosa lile lile, limegeuzwa uso tu.