Sala Fupi na Ulinzi wa Moyo: Toka Misri Hata Kisangani

Waseminari wengi huuliza: dakika kumi za tafakari asubuhi zina faida gani, ikiwa kabla ya saa sita mawazo yamekwisha kutawanyika na hasira imerudi? Swali hili si jipya. Wazee wetu wa Eklezia ya Afrika walilijua, nao walilijibu.

Yapata mwaka wa 412 Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, alimwandikia barua Proba, mjane wa Roma aliyekimbilia Afrika baada ya mji wake kutekwa mwaka wa 410. Alimweleza desturi ya wamonaki wa Misri. Hao walisali mara nyingi, lakini kwa maneno machache, kama mtu arushaye mkuki. Kwa nini? Waliogopa uangalifu wa roho usije ukalegea kwa urefu wa sala. Lakini Augustino aliongeza: moyo ukiwa bado unawaka, usiukatize.

Yoane Kasiano, aliyekaa na wamonaki hao, alipeleka mafundisho yao Ulaya. Aliandika jinsi Abba Isaka alivyofundisha kushika mstari mmoja wa Zaburi ya 70, wa kumwomba Mungu aje kusaidia upesi, na kuurudia wakati wa njaa, usingizi, hasira na kiburi. Kwa mstari huo huo Eklezia hufungua sala za Breviari hata leo.

Urithi huo ulifika kwetu kwa mikono ya wamisionari. Siku ya Noeli 1897 Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya mto, hapa Kisangani. Shirika lake lilishika desturi ya kuabudu Sakramenti Takatifu kila siku. Tena Sheria ya Eklezia ya mwaka wa 1917 iliwataka mapadri na waseminari watafakari kila siku.

Katika vikarieti hiyo ya Stanley Falls Askofu Camille Verfaillie alianzisha shirika la masista wa Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka. Humo Anuarite Nengapeta aliweka nadhiri mwaka wa 1959. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alimkatalia mkubwa mmoja wa waasi, akapigwa, akamsamehe, akauawa. Alikuwa na miaka 24. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Agosti 1985. Tusiseme kwamba mazoezi ndiyo yaliyomshindisha, ni neema. Lakini saa ile haikumpa nafasi ya kuanza kujifunza kuelekea kwa Mungu. Neema iliukuta moyo uliokwisha kuzoea njia.

Siku hizi wataalamu pia wanachunguza jambo hili kwa namna yao. Mwaka wa 2007 Yi-Yuan Tang na wenzake walitangaza habari za wanafunzi 40 wa China waliotulia na kutafakari dakika 20 kwa siku, kwa siku 5 tu. Wengine 40 walifundishwa kulegeza mwili. Wale wa kwanza walionyesha uangalifu zaidi, na hasira yao na uchovu wao vilipungua zaidi. Wataalamu hawapimi neema, na siku 5 si maisha. Hata hivyo tunaona kwamba muda mfupi si bure.

Basi, matunda ya asubuhi yakififia mchana, tusiseme kwamba tafakari ni kazi bure. Mana ya jangwani haikukaa hata kesho, na Waisraeli hawakuacha kuiokota. Mwili hula kila siku, na roho vilevile. Kwa hiyo mseminari aseme neno moja kwa Mungu kabla ya kufungua kitabu. Katekista kabla ya kuingia darasani. Padri kabla ya kumjibu aliyemkosea. Kengele ya seminari haituondoi kazini. Yatukumbusha kwamba saa imefika ya kurudi kwa Bwana.